Disleksia na saa: kupanga siku wakati kusoma kunakula muda

Mwenye disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika, akichelewa huitwa mzembe. Mara nyingi uzembe haupo. Muda wake unaliwa na mambo mawili ambayo wenzake hawayaoni: kusoma kunakochukua dakika nyingi kuliko alizokadiria, na saa au tarehe inayopinduka njiani kutoka sikioni hadi kwenye karatasi. Yote mawili yanarekebishika, ila si kwa kujikaza. Kinachosaidia ni kupima badala ya kukisia, na kuutoa muda kichwani ukauweka mahali unapoonekana na kusikika.

Kwa wasomaji wa Kiswahili kuna jambo la kujua mapema. Kwa kuwa tunaandika kama tunavyotamka, mwenye disleksia aliyefundishwa vizuri hufikia hatua ya kusoma maneno kwa usahihi. Kasi ndiyo inayobaki nyuma. Hali hiyo inajulikana pia kwa wasomaji wa Kiitaliano, Kijerumani na Kifini, lugha ambazo tahajia yake imenyooka kuliko ya Kiingereza. Ndiyo maana wengi hapa kwetu wanazeeka bila kujua kuwa wana disleksia. Mwalimu alisikiliza, akasikia maneno yote yametamkwa sawa, akaridhika. Hakuna aliyeangalia saa.

Pima kasi yako

Chukua maandishi ya aina unayosoma kila siku: nukuu za chuo, barua za ofisi, mikataba. Hadithi haitakupa jibu la kweli kwa sababu inakuvuta. Weka kipima muda cha simu dakika 10, soma kwa lengo la kuelewa, na kengele ikilia weka alama ulipofika. Hesabu maneno ya mistari mitatu, gawanya kwa 3 upate wastani wa mstari, zidisha kwa idadi ya mistari uliyosoma, kisha gawanya kwa 10. Hiyo ndiyo kasi yako kwa dakika.

Rudia kipimo hicho kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwenye karatasi na kwenye skrini ya simu, asubuhi na jioni baada ya kazi. Usishangae namba zikitofautiana sana. Andika iliyo ndogo kuliko zote mahali unapopangia kazi zako, maana ndiyo itakayokukuta siku umechoka.

Tuseme umepata maneno 90 kwa dakika. Kesho una kikao, na nyaraka zake ni kurasa 12 zenye maneno kama 350 kila moja. Hayo ni maneno 4,200. Ukigawanya kwa 90 unapata dakika 47. Wengi wanaishia hapo, na hapo ndipo wanapokwama. Msomaji mwenye disleksia hurudia mistari, na uchovu unapoingia marudio yanaongezeka. Ongeza nusu: dakika 47 zinakuwa 70. Zigawe katika vikao vitatu vya dakika 23 au 24, na kati ya kikao na kikao inuka dakika 5 bila kushika simu. Jumla ni dakika 80. Kama jioni yako ina dakika 40 tu, sasa unajua mapema kwamba kurasa hizo hazitaisha, na unaweza kuamua zipi zisomwe, zipi usomewe na simu, na zipi umwombe mwenzako akueleze.

Kusomewa na simu si kudanganya. Simu nyingi za Android zina kipengele cha kusoma maandishi kwa sauti. Tafuta kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu. Sauti ya Kiswahili ipo, ingawa inakwama kwenye vifupisho na majina. Fuata maandishi kwa kidole huku unasikiliza. Kwa nyaraka zilizopigwa picha kipengele hicho peke yake mara nyingi hakitoshi, kwani maneno yaliyo ndani ya picha hubidi kwanza yageuzwe kuwa maandishi. Ukitumiwa fomu kama picha ya WhatsApp, omba faili lenyewe.

Saa tatu, saa tisa

Hapa Mswahili mwenye disleksia ana mzigo ambao vitabu vya Ulaya havitautaja. Tunasema saa tatu, tunaandika 9:00. Tunasema saa tisa, simu inaonyesha 3:00. Kila saa ina mwenzake upande wa pili wa uso wa saa: moja na saba, mbili na nane, tatu na tisa, nne na kumi, tano na kumi na moja, sita na kumi na mbili. Kwa aliyezoea, ubadilishaji huu unatokea bila kufikiri. Kwa mwenye disleksia, ambaye kumbukumbu yake ya muda mfupi mara nyingi ndiyo inayolemewa, ni hesabu ya kujumlisha au kutoa sita huku bado anajaribu kushika jina la mtu, jengo na ghorofa.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba halishtui. Ukiandika kikao saa nane usiku utajicheka. Lakini saa tatu asubuhi (09:00) na saa tisa alasiri (15:00) zote ni saa za kazi. Saa mbili na saa nane ni hivyo hivyo, na saa nne na saa kumi pia. Kosa linaonekana la kawaida kabisa kwenye daftari mpaka siku unapofika umechelewa kwa saa sita.

Fanya hivi:

1. Kwenye simu, weka mfumo wa saa 24. Unaondoa AM na PM, herufi mbili zinazofanana zinazosababisha alamu za saa kumi usiku.

2. Andika kila miadi kwa namna mbili, mstari mmoja: "09:00, saa tatu asubuhi". Usiache sehemu ya siku. Namna mbili zikigongana, kosa linajitokeza siku hiyo hiyo unapoandika, na bado una nafasi ya kuuliza.

3. Unapoambiwa saa kwa mdomo, irudie kwa maneno tofauti na aliyotumia msemaji. Akisema "saa tatu kasorobo", jibu: "Yaani saa mbili na dakika arobaini na tano, asubuhi?" Kasorobo ni mtego wa pekee, kwa sababu namba inayotamkwa siyo inayoandikwa: unasikia tatu, jibu ni 08:45. Ni rahisi kuandika 09:45 au 09:15.

4. Nyumbani tundika saa ya mishale. Kwa kalamu ya wino usiofutika, andika saa za Kiswahili kwa rangi ya pili pembeni ya namba zilizopo: 1 kando ya 7, 2 kando ya 8, na kuendelea. Ukiona namba mbili zinakuvuruga zaidi, futa wazo hilo na ukumbuke kanuni moja tu: saa ya Kiswahili iko ng'ambo ya mshale mfupi. Mshale ukielekea 10, ng'ambo yake ni 4, basi ni saa nne.

Saa ya mishale ina faida nyingine. Namba 08:40 haikuambii zimebaki dakika ngapi hadi saa tatu. Kipande cha duara kati ya mshale mrefu na 12 kinakuambia bila kutoa wala kujumlisha.

Tiketi zinahitaji tahadhari yake. Tiketi ya basi iliyoandikwa kwa mkono "saa 12:00 asubuhi" inamaanisha 06:00. Iliyochapwa na mfumo wa kompyuta inaweza kuandika 06:00. Muulize mkata tiketi kwa kutaja alama ya siku badala ya namba: "Ni alfajiri, jua likiwa linachomoza, sivyo?" Angalia pia kama saa iliyopo ni ya kuripoti au ya kuondoka. Na tiketi ya ndege ya Jumanne 00:30 inataka uende uwanjani Jumatatu jioni. Huo ni mtego hata kwa wasio na disleksia.

Saa pia ni kipimo cha muda, siyo tu wakati wa siku. "Saa nane" inaweza kuwa 14:00 au muda wa saa nane. Kwenye dawa hilo si jambo dogo. Dawa ya kila baada ya saa 8 humezwa, kwa mfano, 06:00, 14:00 na 22:00: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Kwenye bahasha ya dawa, 1x3 ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Ukiigeuza ikawa vidonge vitatu mara moja, umeongeza dozi ya mkupuo mara tatu. Kabla hujaondoka dirishani, mwombe mfamasia achore viduara: kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku. Kisha weka alamu tatu.

Siku na tarehe

Majina matano kati ya saba ya siku zetu yanaanza na Juma, na la sita, Ijumaa, limeificha ndani. Jumanne na Jumatano yanasomeka kwa kukisia herufi za mwisho. Vifupisho vya meseji vinasaidia kuliko maneno kamili: J2, J3, J4, J5, kisha Alh, Ij na Jmosi. Vina hatari moja: "J4 3" mtu atajiuliza ipi ni siku, ipi ni tarehe. Andika siku kwa rangi yake na tarehe kwa wino mweusi. Chagua rangi saba mara moja, na usizibadilishe mwaka mzima. Rangi inayobadilika haina kazi.

Tarehe iandikwe kwa jina la mwezi: 3 Aprili, kamwe isiwe 3/4. Kwetu 3/4 ni tarehe tatu mwezi wa nne, lakini simu au kompyuta iliyowekwa Kiingereza cha Marekani inaanza na mwezi. Badilisha lugha ya kifaa iwe Kiswahili au Kiingereza cha Uingereza. Juni na Julai zinachanganywa kwa urahisi, na dawa ni kuongeza namba mbele: Juni (6), Julai (7).

Usiku nao una utata. Kwa wengi wa pwani usiku hutangulia mchana wake, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" ni Alhamisi baada ya magharibi. Kwa mtu wa bara inaweza kuwa Ijumaa yenyewe baada ya kazi. Ukialikwa kwenye maulidi, arusi au matanga, uliza: "Usiku wa kuamkia siku gani?" Tangazo la maombi nalo likisema mwisho ni "saa 5:59 usiku", ni 23:59 ya tarehe iliyotajwa. Likisema "saa 6:00 usiku tarehe 15", chukulia kwamba mlango unafungwa tarehe 14 ikiisha, hata kama waliandika wakimaanisha vingine. Hasara ya kuwahi siku moja ni ndogo.

Maneno ya njeo nayo yanahitaji jicho. Kitenzi chetu kinabeba wakati ndani ya silabi moja au mbili katikati ya neno refu: zilizopokelewa, zinazopokelewa, zitakazopokelewa. Anayesoma kwa kukisia kuanzia mwanzo na mwisho wa neno anaikosa sehemu hiyo. Ukipokea maelekezo, piga mstari chini ya vitu vitatu pekee: tendo unalotakiwa kufanya, tarehe, na neno linalozifunga (kabla ya, baada ya, hadi, kuanzia). Kisha sema kwa mdomo: "Mimi, nipeleke nini, wapi, mwisho lini." Ukishindwa kumaliza sentensi hiyo, bado hujayaelewa maelekezo, na kuyasoma mara ya tano hakutasaidia, piga simu.

Kuhesabu kurudi nyuma bila kutoa

Kutoa dakika 90 kutoka 08:35 ni kazi ngumu kwa anayesahau namba ya kwanza anapofika ya tatu. Achana na hesabu hiyo. Chukua daftari la hesabu, lile lenye miraba, na kila mraba uwe robo saa. Miraba minne ni saa nzima.

Una miadi ofisini 09:00. Chora mstari mzito, andika juu yake "09:00, saa tatu, mlangoni". Sasa paka rangi ukirudi kushoto. Kufika na kutafuta chumba: mraba 1. Kutembea kutoka kituoni dakika 10: mraba 1, kwani unapandisha juu kila mara, hushushi. Daladala saa moja nzima na foleni nusu saa: miraba 6. Kusubiri gari: 1. Kuoga, kuvaa na chai: miraba 3. Jumla 12. Hesabu miraba kutoka 09:00 kurudi, nne nne: 08:00, 07:00, 06:00. Amka saa kumi na mbili. Hukutoa chochote.

Mraba wa kutoka nyumbani ndio wa kuzungushia kwa rangi nyekundu. Kwenye mfano huu ni 06:45. Watu hukumbuka saa ya miadi, wakasahau saa ya kutoka, na saa ya kutoka ndiyo pekee inayoamua kama utawahi.

Kama safari ni ya kila siku, ipime kwa wiki moja na uandike siku iliyokuwa mbaya kuliko zote. Usitumie wastani. Mwenye disleksia huwa anakumbuka ile siku barabara ilipokuwa nyeupe, akaifanya ndiyo kipimo. Kusema kweli, wasio na disleksia pia.

Alamu zinazosema

Alamu inayolia tu inakuacha ukiuliza ilikuwa ya nini. Simu nyingi zinakubali sauti uliyorekodi mwenyewe itumike kama mlio. Rekodi sentensi fupi yenye kitenzi mbele: "Toka sasa. Chukua kitambulisho na fomu ya kijani." Iweke kama mlio wa alamu ya kutoka. Kwa miadi ile ya 09:00 zinatosha tatu: 06:00 kuamka, 06:35 "vaa viatu, beba begi", 06:45 "toka".

Usiweke nyingi. Zikizidi tano au sita kwa siku sikio linazizoea, na mkono unazizima kabla akili haijasikia. Kama una kawaida ya kuzima huku umelala, weka simu upande wa pili wa chumba. Umeme ukikatika na simu ikazima, mpango wote umekwenda. Saa ndogo ya mezani ya betri, yenye alamu, ni bei rahisi na inakulinda.

Kagua alamu kwa mdomo usiku kabla ya kulala: siku gani, saa ngapi, inarudia au ni ya mara moja. Alamu iliyowekwa irudie J3 peke yake wakati ulitaka J3 hadi Ijumaa ni kosa la kila mwezi.

Miadi yote ikae sehemu moja. Ukiwa na kalenda ya ukutani, daftari, simu na vikaratasi mfukoni, kila kimoja kitakuwa na robo ya ukweli. Tunapendekeza kalenda kubwa ya ukutani kwa ajili ya kuona mwezi, na simu kwa ajili ya kulia; kitu kikiingia simuni, kinaandikwa ukutani siku hiyo hiyo. Sauti za WhatsApp ni nzuri kwa kupokea maelezo, lakini ni vigumu kutafuta neno ndani yake. Mtu akikutumia sauti yenye tarehe ndani, hamisha tarehe kabla hujajibu.

Kazi ya kuandika yenye siku ya mwisho

Ripoti ya maneno 2,000 ya Ijumaa haianzi Alhamisi. Haianzi kwa kuandika pia. Kwa mwenye disleksia, kutunga, kukumbuka tahajia na kupanga hoja kwa pamoja kunakwamisha vyote vitatu. Vitenganishe kwa siku.

Jumatatu, dakika 40: sema. Chora duara la hoja kuu, matawi manne au matano, kisha zungumza kila tawi kwa simu ukitumia kuandika kwa sauti. Kibodi ya Google inapokea Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania. Zungumza katika chumba kimya, sentensi kwa sentensi, na usiangalie skrini. Ukianza kusahihisha katikati umerudi kulekule.

Jumanne na Jumatano: panga na ujaze, vikao viwili vya dakika 25 kila siku. Usiguse tahajia. Alhamisi: kusahihisha peke yake, na itengee muda sawa na uliotumia kujaza, yaani kama dakika 100. Hapo ndipo mipango mingi inapovunjika, kwa kuwa watu hutenga dakika 15.

Sahihisha kwa mizunguko mitatu. Wa kwanza ni namba, tarehe na majina tu, ukilinganisha na nyaraka ulizochukulia. 6 na 9 au 12 na 21 zinapinduka hapa. Wa pili, simu ikusomee nawe usikilize bila kutazama, sikio litakamata neno lililorudiwa na sentensi isiyoisha. Wa tatu ni tahajia. Ijumaa asubuhi unatuma, na saa za kabla ya mwisho zinabaki kwa ajili ya intaneti inayogoma.

Chumba cha mtihani

Mtihani wa saa tatu una dakika 180. Ukianza saa mbili kamili, unaisha saa tano, 11:00. Toa dakika 25 za kusoma na kuchagua maswali, toa 15 za kukagua. Zinabaki 140. Alama zikiwa 100, kila alama ina dakika 1.4: swali la alama 10 ni dakika 14, la alama 15 ni dakika 21. Fanya hesabu hizi nyumbani na uzikariri. Karatasi ikifunguliwa, andika pembeni mwa kila swali saa ya kulimaliza, siyo idadi ya dakika: 08:39, 08:53, 09:14. Ukitazama saa ya ukutani unalinganisha tu, hukokotoi.

Dakika 25 za kusoma zinaonekana nyingi. Hazipunguzwi. Mtahiniwa mwenye disleksia anaweza kupoteza alama nyingi kwa kujibu swali ambalo halikuulizwa. Saa ya swali ikifika, acha mistari mitatu mitupu na uhamie jingine hata kama sentensi haijakamilika. Dakika za mwisho kagua vitu vitatu: namba za maswali, vizio vya vipimo, na kama umeruka ukurasa.

Muda wa nyongeza hauji wenyewe. Mabaraza ya mitihani huangalia maombi ya watahiniwa wenye mahitaji maalumu kupitia shule, na huyataka mapema, wakati wa usajili, pamoja na taarifa ya tathmini. Kenya, vituo vya EARC (vituo vya tathmini na nyenzo za elimu), vilivyoanza 1984, ndivyo hufanya tathmini ya wanafunzi. Tanzania, anzia kwa mwalimu wa elimu maalumu au ofisi ya elimu ya halmashauri. Kwa walio Uingereza, nyongeza ya kawaida ni asilimia 25. Kwenye mtihani wa dakika 180 hizo ni dakika 45, na tunashauri 20 ziende kwenye kusoma maswali, 25 kwenye kukagua, na kasi ya kuandika ibaki ile ile uliyofanyia mazoezi.

Kazini hakuna baraza la kuomba, kuna bosi. Omba kitu kimoja kinachopimika, usiombe "kueleweka". Kwa mfano: "Mheshimiwa, mimi nasoma polepole kwa sababu ya disleksia. Naomba nyaraka za kikao nizipate siku moja kabla, na miadi tunayokubaliana kwa simu unitumie saa na tarehe kwa meseji." Maombi ya namna hiyo hukubaliwa kirahisi kwa kuwa hayamgharimu chochote. Ukishapata taarifa ya tathmini, ipige picha, itunze nakala mbili za karatasi, na uandike tarehe yake kwa jina la mwezi. Chuo na mwajiri anayefuata wataitaka upya, na baadhi hawapokei iliyozeeka.